Safu Tatu za Daftari: Miaka Minne na The X-Files Kisiwani Pemba

Hotuba kwa wanachama, wazazi na wageni wa kikundi cha watazamaji, Chake Chake

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, walimu wenzangu, wazazi mlioitikia mwaliko, na nyinyi vijana mliokuja na daftari zenu kwapani kama mlivyozoea kila Jumamosi, nakushukuruni kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nieleze ni kazi gani tunayoifanya katika chumba hiki baada ya sala ya Isha. Wazazi kadhaa wameuliza, na wana haki ya kuuliza, inakuwaje watu wazima na watoto wa skuli wakae mbele ya ukuta mweupe kutazama hadithi ya Kimarekani ya mambo yasiyoelezeka, kisha taa ziwashwe na wote wainame nusu saa nzima kuandika bila ya kusemezana. Jibu langu ni kwamba tunajifunza kutenganisha jambo tuliloliona na jambo tuliloambiwa. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika, nami nimechukua miaka minne na ushei kuijua, na mwisho wake imenirudisha kwenye usiku mmoja wa utotoni mwangu ambao nilidhani nimeshaumaliza.

Tamthilia yenyewe inaitwa The X-Files, na sisi hapa tumezoea kuiita Majalada ya X. Aliyeibuni ni Chris Carter, na sehemu yake ya kwanza ilioneshwa Marekani katika stesheni ya Fox tarehe 10 Septemba 1993. Ilikwenda misimu tisa mfululizo hadi Mei 2002, jumla ya sehemu 202, kisha ikafufuliwa mwaka 2016 kwa sehemu 6 na mwaka 2018 kwa sehemu 10. Wapelelezi wawili wa FBI, idara ya upelelezi ya serikali ya Marekani, wamekabidhiwa majalada ya kesi ambazo wenzao wameshindwa kuzifunga kwa sababu hakuna maelezo ya kawaida yanayozitosha. Fox Mulder, anayechezwa na David Duchovny, anaamini kwamba dada yake alichukuliwa na viumbe kutoka nje ya dunia walipokuwa watoto. Dana Scully, anayechezwa na Gillian Anderson, ni daktari wa kupasua maiti aliyetumwa kuipima kazi ya Mulder kwa mizani ya sayansi, na waliomtuma walitaraji kwamba ataivunja.

Mwanamme ndiye mwenye kuamini na mwanamke ndiye mwenye shaka. Carter alikusudia kuigeuza desturi, na kwetu Pemba, ambako kilinge cha pepo hunasibishwa zaidi na wanawake, mpango huo ulizua mazungumzo tangu usiku wa kwanza. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na nakiri kwamba nilifurahi niliposikia katika sehemu ya kwanza kabisa kuwa Scully aliandika tasnifu yake juu ya kitendawili cha mapacha wa Einstein, kile cha pacha asafiriye kwa kasi kubwa mno akarudi akiwa mdogo kuliko nduguye. Uchunguzi wa taasisi ya Geena Davis, inayotazama namna wanawake wanavyooneshwa katika filamu na televisheni, uliotolewa mwaka 2018 ulikuta kwamba asilimia 63 ya wanawake wanaofanya kazi katika fani za sayansi na teknolojia nchini Marekani, miongoni mwa waliomjua mhusika huyu, walimtaja kuwa kiigizo chao. Wasichana wawili waliojiunga nasi wakiwa Kidato cha Pili sasa wamo katika mchepuo wa sayansi. Sidai kwamba hiyo ni kazi ya Scully, kwani hilo ni jambo la safu ya tatu, na nitaeleza sasa hivi safu hizo ni zipi.

Sisi tunatazama sehemu moja kwa wiki, na mwezi wa Ramadhani tunapumzika. Watu hutushauri tutazame tatu au nne kwa usiku mmoja, kama wafanyavyo wengi siku hizi, ili tufike haraka. Tumekataa, kwa sababu anayejua kitakachotokea kesho hawezi tena kusema kwa uaminifu leo alikuwa anaamini nini. Kila mmoja wetu anaandika tathmini yake kabla ya kuijua sehemu inayofuata, kwa kalamu ya wino, na kilichoandikwa hakifutwi. Ukurasa umegawiwa safu tatu. Ya kwanza ni ya yale niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe kwenye kioo. Ya pili ni ya yale niliyoambiwa na mhusika fulani, na jina lake huandikwa. Ya tatu ni ya yale ninayoyadhani. Chini yake huwekwa alama kati ya kumi, tarehe na saini. Utaratibu huu hatukuwa nao tangu mwanzo. Ulizaliwa na sehemu ya tatu ya msimu wa kwanza, ile ya Eugene Tooms.

Wasioijua wavumilie kidogo. Katika mji wa Baltimore mtu ameuawa ndani ya ofisi yake, mlango haukuvunjwa, na ini lake limetolewa. Njia pekee ya kuingilia ni tundu la hewa ambalo hata mtoto mdogo hapiti. Mulder anatoa majalada ya zamani na kuonesha kwamba mauaji ya namna hiyo yalitokea mwaka 1963, na kabla yake 1933, na kabla yake 1903, kila baada ya miaka 30, maini matano kila safari. Anashuku kwamba muuaji ni yuleyule, mtu anayejinyoosha na kupenya palipo pembamba, anayekula maini matano kisha akalala miaka 30 ndani ya kiota cha magazeti yaliyogandishwa kwa nyongo.

Sehemu ilipokwisha niliwaomba watu waandike walichokiona. Kijana mmoja, hodari sana wa darasa, akaandika kuwa ameona mtu mwenye umri wa zaidi ya miaka mia. Nikamwuliza: umeiona wapi miaka hiyo? Tulirudia pamoja. Tuliona macho ya manjano gizani. Tuliona tundu la hewa na tuliona maiti. Tulimwona Tooms akipimwa kwa chombo cha kutambua uwongo na mishale ikatikisika alipoulizwa habari za 1933. Lakini mauaji yenyewe ya 1933 hatukuyaona, tulisimuliwa na askari mstaafu aliyeyachunguza ujanani, na umri wa Tooms ulikuwa ni hesabu ya Mulder iliyojengwa juu ya simulizi hiyo. Yule kijana alikaa kimya, kisha akasema neno ambalo mpaka leo tunalikumbuka: kwamba alikuwa tayari kuapa. Wiki iliyofuata nikaja na rula, nikapiga mistari.

Kanuni hiyo ilitutosha kwa wiki tisa tu. Sehemu ya kumi na tatu ya msimu wa kwanza, iliyooneshwa Marekani kwa mara ya kwanza Januari 1994, iliivunja, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu bora ya msimu ule na mojawapo ya bora za tamthilia nzima. Wazazi wa Scully wamekuja kumtembelea baada ya Krismasi, wamekula chakula cha usiku, wameondoka. Scully analala kwenye kochi. Anapofumbua macho anamwona baba yake ameketi mbele yake, midomo inatikisika, sauti haitoki. Simu inalia. Ni mama yake, anamwambia kwamba baba amefariki kwa maradhi ya moyo.

Kisha anatokea mfungwa anayengojea adhabu ya kifo, Luther Lee Boggs, anayechezwa na Brad Dourif kwa namna inayotisha kwa ukweli wake, naye anadai kwamba roho za wafu husema kupitia kwake. Vijana wawili wa chuo wametekwa, na Boggs anasema anaweza kusaidia wapatikane. Hapa kila mmoja anavaa joho la mwenziwe. Mulder, mwenye kuamini kila kitu, hamwamini Boggs hata chembe kwa sababu anamjua ni muuaji na mwongo. Scully, mwenye kutia shaka kila kitu, anatetereka, kwa sababu Boggs anaashiria kwamba ana maneno ya baba yake. Watu wengi hawaamini kwa kupima ushahidi. Huamini kwa kadiri ya jeraha walilonalo, na sehemu hii inalionesha hilo bila ya kulitamka mahali popote.

Mwisho wake Boggs anapelekwa kutekelezewa hukumu ya kifo, na Scully, ambaye angeweza kwenda kumsikiliza kwa mara ya mwisho, haendi. Anakaa kando ya kitanda cha Mulder hospitalini, anapanga sababu za kawaida ambazo huenda zilimwezesha Boggs kujua aliyoyajua, na anakiri kwamba anaogopa kuamini. Mulder anamwuliza kama amekubali kutojua kamwe alichotaka kumwambia baba yake. Anajibu kwamba anakijua. Amekijuaje? Kwa sababu alikuwa baba yake.

Usiku ule hatukuandika upesi. Bibi mmoja katika kikundi chetu, mkunga aliyezalisha nusu ya watoto wa mtaa huu, aliacha safu mbili za mwanzo tupu na katika ya tatu akaandika maneno mawili tu: "Mimi nimefiwa." Wengine tulibishana mpaka saa tano. Baba yake Scully aandikwe safu ipi? Tulimwona, tena kwa macho yetu, ameketi kitini. Basi kijana mmoja akauliza kama kamera ilimwona au Scully ndiye aliyemwona na kamera ikatuazima macho yake. Hatukupata jibu, lakini tulipata kanuni ya pili ambayo tunaifuata hadi leo: jambo lililoonekana na mtu mmoja peke yake, tena akiwa baina ya usingizi na macho, litaandikwa safu ya kwanza kwa sharti kwamba jina la aliyeliona liandikwe pembeni.

Kanuni ya tatu tuliipata katika msimu wa tano, katika ile sehemu iliyooneshwa Februari 1998 na kuandikwa na Vince Gilligan, ambayo ndani yake kisa kimoja kinasimuliwa mara mbili. Mulder na Scully wanarudi kutoka mji mdogo wa Texas walikokwenda kuchunguza mauaji, na kila mmoja anasimulia yaliyotokea. Katika simulizi ya Scully mkuu wa polisi wa mji ule ni kijana mtanashati. Katika simulizi ya Mulder ni yuleyule, mchezaji yuleyule, lakini meno ya mbele yamechomoza. Kamera imetuonesha yote mawili kwa uwazi uleule. Hapo ndipo tulipofahamu kwamba hata picha ni usemi wa mtu, na kwamba safu ya kwanza yenyewe inataka ulinzi.

Naomba sasa niseme neno juu ya mahali ambapo tamthilia hii ilitupungukia, kwani mapenzi yasiyoona kasoro hayana faida kwa mhakiki. Wazoefu wanajua kwamba sehemu zake ni za aina mbili. Ziko zile zinazojitosheleza, zenye kiumbe au tukio moja la ajabu, ambazo sisi tunaziita sehemu za zimwi. Ziko na zile za mfululizo mkuu, za siri ya serikali na viumbe wa anga za mbali, ambazo tunaziita sehemu za njama. Nilipozikusanya daftari zetu zote niliona jambo ambalo sikuwa nimelitazamia: katika sehemu za njama safu ya pili hujaa kurasa mbili na safu ya kwanza hubaki na mistari mitatu. Mulder anakutana na mtu gizani, mtu anamwambia. Anakutana na mwingine kwenye maegesho ya magari, naye anamwambia. Aliyetangulia alidanganya, huyu anasahihisha, wa tatu atakuja kusema kwamba wote wawili walidanganya. Tamthilia iliyotufundisha kutomwamini yeyote iliishia kujengwa juu ya maneno ya watu. Kufikia mwaka 1999, pale kundi la wakubwa waliokuwa wakiificha siri hiyo lilipoteketezwa katikati ya msimu wa sita, alama zetu za sehemu hizo zilikuwa zimeshuka kwa watu wote, na hazikupanda tena. Naamini waandishi waliahidi majibu kabla ya kuyatunga.

Hata hivyo ni haki kusema kwamba baadhi ya mafundo hayo yalifungwa na maisha yenyewe. Gillian Anderson alipata ujauzito, akajifungua mtoto wake Septemba 1994, na waandishi wakalazimika kumtoa Scully kwenye kioo mwanzoni mwa msimu wa pili. Wakamtoa kwa kumteka. Utekaji ule, uliotokana na haja ya kumpa mama likizo ya uzazi, ukageuka kuwa uti wa mgongo wa hadithi kwa miaka yote iliyofuata. Vilevile misimu mitano ya mwanzo ilipigwa Vancouver, nchini Kanada, katika mvua, misonobari na mawingu, na kuanzia msimu wa sita kazi ikahamia Los Angeles. Jambo hili sikuwa nimelitaja kwa mtu. Usiku wa kwanza wa msimu wa sita, msichana wa miaka 15 aliandika katika mstari wa mwanzo wa safu ya kwanza: "Leo kuna jua." Nilimwonea fahari kuliko siku yoyote.

Liko jambo zito zaidi, nalo ni namna Afrika inavyoingia katika majalada haya. Katika sehemu ya tatu ya msimu wa nne, ya Oktoba 1996, vijana weusi wa Philadelphia wanakutwa wamekufa na ngozi zao zimepoteza rangi. Muuaji ni mhamiaji kutoka Burkina Faso, kiumbe aliyezaliwa bila ya tezi inayohitajika mwilini, naye huishi kwa kuwanyonya wenziwe. Sisi ni raia wa nchi ambayo watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa kwa imani potofu kwamba viungo vyao huleta mali. Kuiona ngozi iliyokosa rangi ikioneshwa kama alama ya kutisha, na kumwona Mwafrika mgeni akiwa ndiye zimwi lenyewe, kuliwaumiza watu katika chumba hiki, na mmoja wao alikuwa na ndugu mwenye ualbino. Wote tuliipa sehemu ile alama za chini kabisa tulizowahi kuzitoa. Nasimama na alama zile.

Na wazazi waliotaka kujua habari za sehemu ya kwanza ya msimu wa saba wana sababu njema. Ndani yake Scully yuko katika pwani ya Côte d'Ivoire, mbele ya chombo kilichozama mchangani, ambacho juu yake yamechorwa maneno ya vitabu vitakatifu, na miongoni mwake maneno ya Kurani juu ya Kiyama. Tulisimamisha projekta, tukazungumza kabla ya kuendelea. Maoni ya walio wengi, nami ni mmoja wao, ni kwamba waandishi walichukua maneno ambayo kwa mamilioni ya watu ni uhai wenyewe wakayatumia kama nakshi ya ukutani.

Wako waliotuambia kwamba jambo lote hili halimfai Muislamu. Nawajibu kwa heshima. Sisi hatutii shaka kwamba ghaibu ipo. Majini wametajwa katika Kurani, na sura ya 72 imepewa jina lao. Lakini Kurani hiyohiyo, katika Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kwamba akitujia mpotovu na habari, tuichunguze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Kuwapo kwa ghaibu ni suala moja. Kama mtu fulani, usiku fulani, nyuma ya nyumba fulani, aliona alichosema ameona, ni suala jingine kabisa, na hilo la pili linataka mashahidi.

Wala uchunguzi wa namna hii haukuletwa kwetu na Wamarekani. Mzanzibari Muhammed Said Abdulla alituachia Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyoshinda shindano la East African Literature Bureau na kuchapishwa mwaka 1960, miaka 33 kabla ya Mulder kuzaliwa kiooni. Maiti inakutwa kwenye mzimu, na wanakijiji wanajua, au wanadhani wanajua, nani ameua. Bwana Msa anatazama, anauliza, anangoja. Kijana wa kikundi chetu alizilinganisha kazi hizi mbili kwa sentensi ambayo ningependa kuwa nimeiandika mimi: kwa Bwana Msa mzimu huondoka na mtu akabaki, na kwa Mulder mtu huondoka na mzimu ukabaki. Vijana, ikiwa mmeisoma skulini kwa ajili ya mtihani tu, isomeni tena.

Nimefika sasa kwenye usiku niliouahidi mwanzoni.

Mwanzoni mwa mwaka 1995, katika mwezi wa Ramadhani, nilikuwa na miaka kumi, kijijini kwetu kaskazini mwa kisiwa hiki. Wazee waliopo hapa hawahitaji kuelezwa. Vijana wamesikia kwa mzaha, na haikuwa mzaha. Popobawa alikuwa ameingia Pemba. Ilisemwa kwamba huwajia watu usiku vitandani mwao, wanawake na wanaume, akawakandamiza na kuwadhalilisha, na ilisemwa pia kwamba aliyefikwa akinyamaza hurejewa, kwa hiyo ni lazima awaambie wengine. Fikirini uzito wa sharti hilo: habari iliyobeba ndani yake amri ya kuenezwa. Ilivuka hadi Unguja, na kutoka Unguja hadi Dar es Salaam. Ulikuwa ndio mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, na wako walioyafunga mambo hayo mawili pamoja. Huko Unguja mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa na kundi la watu waliomdhania kuwa ndiye Popobawa. Sijui kama kuna mtu aliyewaambia watu wale: hebu ngojeni, nani ameona nini?

Sisi tulilala nje. Mikeka ilitandikwa uwanjani, familia nne pamoja, moto wa makumbi katikati, ubani unafuka, wazee wanasoma Ayatul Kursiyyu kwa zamu. Na kwa takriban miaka 25 mimi nimekuwa nikisimulia, kwa wanafunzi wangu, kwa mke wangu, kwa wageni, kwamba usiku mmoja niliona kivuli kikubwa kikipita juu ya mshelisheli wa jirani, chenye mbawa, na kwamba moto ulilala kilipopita. Nimeisimulia mara nyingi hata naijua kwa mapigo yake.

Baada ya sehemu ile ya Texas na meno ya mkuu wa polisi, nilirudi nyumbani nikachukua karatasi nikapiga mistari. Safu ya pili ilijaa: bibi yangu alisema, mwalimu wa chuo alisema, mtoto wa jirani alisema kwamba kaka yake aliona. Safu ya tatu nayo ilijaa. Niliandika pale yale tunayoyajua kuhusu jinamizi, neno ambalo Kiswahili kimekuwa nalo kabla ya maabara yoyote: kwamba katika usingizi wa ndoto misuli ya mwili hulegezwa ili mtu asitende anayoyaota, na kwamba mara nyingine ubongo huamka kabla ya misuli, mtu akawa macho lakini hawezi kunyanyuka wala kupiga kelele, kifua kizito, na mbele yake kiumbe amesimama. Niliandika kwamba jambo hili linaeleza mengi lakini halinipi ruhusa ya kumwambia mtu aliyeteseka kwamba hakuteseka.

Kisha nikaiendea safu ya kwanza. Nilikumbuka joto la moto kwenye uso na baridi mgongoni. Nilikumbuka harufu ya ubani. Nilikumbuka mkono wa mama yangu umeushika wangu kwa nguvu hata vidole vikafa ganzi. Juu ya mshelisheli sikuweza kuandika kitu. Nilikaa mpaka adhana ya Alfajiri, na kila nilipotaka kuandika kivuli kile nilisikia sauti ya mtu akinieleza, na sauti yenyewe ilikuwa ya yule mtoto wa jirani.

Ndugu zangu, ndiyo sababu nimeomba kikundi kiidhinishe kazi nyingine pamoja na hii ya kutazama. Waliokuwa watu wazima mwaka 1995 bado wako nasi, na wako wachache wanaokumbuka hata ule mwaka 1965, ambapo habari hizi zilivuma Pemba kwa mara ya mwanzo. Kuanzia wiki ijayo, kila Jumatano baada ya Alasiri, tutampokea hapa yeyote aliye tayari kukaa na kijana wetu mmoja na kusimulia usiku wake. Kijana ataandika katika safu tatu, hatabisha wala hatacheka, na jina la msimuliaji halitatolewa bila ya ridhaa yake. Mzee atakayetaka kuuficha upande wa aibu ataufichiwa. Tunachokiomba ni kimoja, kwamba atakapofika kwenye jambo aliloliona mwenyewe, atuambie hapo ndipo alipoliona, na atakapofika kwenye jambo aliloambiwa, atutajie aliyemwambia.

Usiku huu tunaanza zile sehemu 6 za mwaka 2016. Mulder na Scully wamezeeka kidogo, na ile picha ya chombo cha angani iliyokuwa ukutani mwa ofisi yao mtaiona tena. Daftari mpya ziko kwenye meza ya mlangoni, na mistari imeshapigwa. Wageni wanakaribishwa kuchukua.